Pole ya Mashine: Je, Chatiboti Yaweza Kupokea Amana ya Kijana Mwenye Dhiki?

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo kuyatamka ni kutenda, neno "pole" lina nafasi ya pekee, kwa kuwa anayelitamka hatoi taarifa kuhusu jambo fulani bali humsogelea mwenzake aliyepatwa na shida, na kwa kumsogelea hivyo hukiri kwamba shida ile, ingawa haikumpata yeye, sasa inamhusu. Jibu lake la kimila, "nimeshapoa", linafichua imani iliyomo ndani ya desturi hiyo, nayo ni kwamba maumivu ya mtu hupungua moto yanapoguswa na mtu mwingine. Swali la makala hii linatokana na ukweli kwamba neno hilo sasa huandikwa pia na chatiboti, yaani programu ya kompyuta inayopokea maandishi au sauti ya mtu na kumjibu kwa lugha ya kawaida, kana kwamba watu wawili wanazungumza. Kijana aliyekata tamaa anapoiandikia programu hiyo usiku wa manane, ikamjibu kwamba inaelewa uchungu wake na kumpa pole, je, kijana huyo amepewa pole kweli? Na kama hakupewa, je, ni halali kwa watu wenye nia njema kuunda chombo cha namna hiyo na kukitia mikononi mwa vijana?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa haki bila kwanza kuutambua uzito wa haja iliyolizaa. Afya ya akili haina maana ya kutokuwa na wazimu tu, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ni hali ya mtu kuweza kuyakabili mapito ya maisha, kujifunza, kufanya kazi na kuishi vyema na wenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na linaitaja hali ya kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Nchini Kenya, jopokazi lililoundwa na serikali chini ya uenyekiti wa daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Pamoja na uchache wa wataalamu, ambao kwa kawaida hujikusanya mijini, kuna ukuta wa aibu na woga, na ukuta huo uliwahi kupewa nguvu na sheria yenyewe: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujitoa uhai na akanusurika aliweza kufikishwa mahakamani kama mhalifu. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ni vigumu kumlaumu kijana kwa kuficha maradhi ambayo jamii yake imeyaita uvivu, mapepo au kosa la jinai.

Wazo la kuitumia kompyuta kama msikilizaji ni la zamani kuliko vijana hao, na hata kuliko wazazi wao wengi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwanasayansi wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, ambayo katika umbo lake mashuhuri iliigiza mtaalamu wa tiba ya mazungumzo wa mkondo wa Carl Rogers, yaani mkondo ambao mshauri hamwamuru mgonjwa la kufanya bali humrudishia maneno yake kwa upole ili ajisikie amepokewa. ELIZA haikuelewa chochote. Ilitafuta maneno fulani katika sentensi ya mtu, ikaigeuza sentensi hiyo kuwa swali, na ilipokosa la kushika ikamwomba aendelee kueleza. Hata hivyo Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi mingi na aliyejua vyema kwamba ni programu tu, alianza kuzungumza nayo na baada ya majibizano machache akamwomba atoke chumbani. Weizenbaum, ambaye alizaliwa Berlin mwaka 1923 na kuikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto, alishtushwa sana na jambo hilo, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1976 alidai kwamba zipo kazi ambazo kompyuta isipewe hata kama ingeweza kuzifanya, kwa sababu kazi hizo huhitaji heshima na huruma ambayo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Tangu hapo zimetokea programu zenye uwezo mkubwa zaidi, na ni vyema aina mbili zitofautishwe. Aina ya kwanza hufuata njia zilizoandikwa na watu mapema, ambapo kila jibu la mtumiaji huelekezwa kwenye tawi lililokwisha kuandaliwa. Mfano wake ni Woebot, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2017 na mwanasaikolojia Alison Darcy, ikitumia mbinu za tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba inayomfundisha mtu kuyachunguza mawazo yanayomtesa, kuyapima kama ni ya kweli, na kubadili mwenendo unaoyalisha. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo, uliowahusu vijana 70 wenye umri wa miaka 18 hadi 28, ulionyesha kwamba waliozungumza na programu hiyo kwa wiki mbili walipungukiwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya maisha, kuliko wenzao waliopewa kitabu cha kielektroniki. Aina ya pili ni ile ya akili mnemba zalishi, inayotunga majibu yake papo hapo kwa kukadiria neno linalofaa kufuata baada ya neno, kutokana na maandishi mengi mno iliyojifunzia. Aina hii hujibu kwa ufasaha unaostaajabisha, lakini hata waundaji wake hawawezi kujua kwa yakini itasema nini kesho.

Hoja ya kuvitetea vyombo hivi haipaswi kudharauliwa, nayo katika umbo lake lenye nguvu zaidi husema hivi: kijana hamwogopi asiyeweza kumhukumu. Utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California ulibaini kwamba watu walioamini kuwa wanahojiwa na kompyuta peke yake walikuwa tayari kufichua zaidi kuliko walioamini kwamba kuna mtu anayeiendesha. Binti asiyeweza kumwambia mama yake, mwalimu wake, shehe wake wala mchungaji wake kwamba hatamani tena kuishi, huenda akaiandikia programu, na kuandika huko kukawa mara yake ya kwanza kuiona dhiki yake imekaa nje ya kifua chake, ambako yaweza kutazamwa. Kuna wema wa kweli katika jambo hilo, na mwenye kulipinga lote kwa pamoja anapaswa kueleza ni mlango gani mwingine uliokuwa wazi saa nane ya usiku.

Wapinzani wengi hujibu hoja hiyo kwa kusema kwamba mashine haielewi. Mwanafalsafa John Searle, katika makala yake ya mwaka 1980, alitoa mfano wa mtu asiyejua Kichina aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, ambaye kwa kuzifuata kanuni hizo huweza kuwajibu kwa maandishi ya Kichina watu walio nje, nao wakadhani anakijua Kichina, ilhali kwake alama zote zile ni michoro tu. Mfano huo una nguvu, lakini hautoshi kulimaliza swali linalojadiliwa hapa, kwa kuwa vitu vingi visivyoelewa chochote huwafaa wenye dhiki: dawa haielewi, kitabu cha dua hakielewi, wala mti ambao mtu huketi kivulini mwake akalia hauelewi. Tofauti ni kwamba dawa haijidai kuelewa. Kitabu humwachia msomaji ajue kwamba anasoma, na mti haumwambii mtu kwamba uko pamoja naye. Chatiboti, kinyume chake, imeundwa iseme maneno ya mtu aliyepo, na kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni dai lake la kuwa mpokeaji.

Hapa ndipo dhana ya amana inapohitajika. Amana ni kitu ambacho mtu humkabidhi mwingine akitarajia kwamba atakitunza na kwamba atakuja kuulizwa, na siri ya moyo imehesabiwa siku zote na Waswahili kuwa miongoni mwa amana kubwa. Kurani, katika aya ya 72 ya sura ya 33, inasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, navyo vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, akaibeba mwanadamu. Wafasiri wengi wameieleza amana hiyo kuwa ni wajibu wa kumtii Mungu kwa hiari, pamoja na malipo na adhabu vinavyofuatana nao, na kutokana na maelezo hayo hupatikana fundisho linalohusu moja kwa moja suala hili: amana haiwi amana mpaka abebaye awe anaweza kuikhini. Mlima una nguvu kuliko mtu lakini haubebi amana, kwa sababu hauwezi kuaibika. Kanisa Katoliki nalo, kwa njia yake, hufundisha jambo la karibu na hilo, kwani kanuni ya 983 ya Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1983 humkataza padri kabisa kufichua siri ya kitubio, na anayeikiuka moja kwa moja hujitenga na Kanisa. Anayeungama huamini kwa sababu aliye mbele yake ameweka rehani utumishi wake wote.

Programu haina cha kuweka rehani. Ikitunza alichosema kijana, imehifadhi taarifa, na ikivujisha, taarifa zimevuja, lakini katika hali zote mbili hakuna aliyeshinda kishawishi wala aliyeanguka. Vivyo hivyo inapoambiwa jambo zito haikosi usingizi, haijiulizi kama ilijibu vibaya, wala haitamtafuta kijana huyo kesho yake kwa kuwa imemkumbuka njiani. Mwanafalsafa wa Kiyahudi Martin Buber, katika kitabu chake cha mwaka 1923, alitofautisha uhusiano ambao mtu humkabili mwenzake kama "wewe" na ule ambao hukabili kitu tu, na mwaka 1957 alijadiliana hadharani na Carl Rogers kuhusu kama mshauri na mgonjwa huweza kukutana wakiwa sawa kabisa. Buber alishikilia kwamba hawawezi, kwa kuwa mmoja amekuja kusaidiwa na mwingine kusaidia. Mtetezi wa mashine angeweza kulitumia jibu hilo akasema kwamba, kama usawa kamili haupo hata kati ya watu, kukosekana kwake katika chatiboti si hasara. Lakini kutokuwa sawa si kutokuwepo. Daktari aliyekaa juu na mgonjwa aliyekaa chini bado ni viumbe wawili watakaokufa, na kila mmoja anaweza kuumizwa na mwenzake. Usikivu wa mtu hupata thamani yake kutokana na ukweli kwamba angeweza kuinuka akaondoka, naye hakuondoka.

Jambo la pili linalotenganisha pole ya mtu na pole ya mashine ni kimya. Kitabu cha Ayubu kinasimulia kwamba rafiki zake watatu walipomwona amepatwa na misiba waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumweleza sababu. Katika misiba ya Afrika Mashariki hekima hiyo inajulikana bila kuandikwa, kwani jirani hufika matangani, akatandikiwa jamvi, akaketi, na saa zikapita bila yeye kusema la maana, lakini mfiwa atakumbuka kwa miaka kwamba fulani alikuwepo. Chatiboti haiwezi kuketi. Uwepo wake wote ni maneno, na maneno yakikoma nayo imekoma kuwepo, kwa hiyo hulazimika kujibu kila kitu, hata kile ambacho jibu lake halali lingekuwa ni kunyamaza na kushika mkono. Isitoshe, programu za aina ya pili zina mwelekeo wa kumkubalia mtumiaji kile alichokwisha kukisema, ilhali kijana anayejiona hafai huhitaji wakati mwingine rafiki wa kumkatalia kwa nguvu ya upendo.

Kuna pia suala la lugha, ambalo kwa vijana wa Kiswahili si dogo. Programu hizi zimejifunza zaidi kutokana na maandishi ya Kiingereza, na zinapokutana na Kiswahili cha dhiki huweza kuyajua maneno zikaikosa maana. Mtu anaposema kwamba jirani yake "ana mawazo", hasemi kwamba jirani ana fikra nzuri, bali kwamba kuna jambo linamla moyoni. Kijana akiandika "nimechoka", huenda ametoka shambani, huenda hana fedha, na huenda pia ameichoka dunia, na mtu aliyelelewa katika lugha hiyo huitambua tofauti kwa sauti, kwa saa na kwa kilichotangulia kusemwa. Hata kitenzi "kusikia" kinafundisha, kwa kuwa Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi na maumivu, kana kwamba lugha yenyewe imekataa kutenga sikio na mwili wenye kuumia. Na kutokana na kitenzi hicho hupatikana "kusikilizana", neno ambalo maana yake si kusikia kwa zamu tu bali ni kupatana. Chombo kisichosikia njaa kinaweza kupewa masikio, lakini hakiwezi kusikilizana na mtu.

Je, inafuata kwamba kuunda chatiboti kwa ajili ya vijana ni haramu? Haifuati hivyo. Kinachofuata ni kwamba chombo hicho kinapaswa kupewa cheo chake sahihi, na mila ya Waswahili inacho cheo kinachokaribiana nacho, nacho ni cha mshenga. Mshenga ni mtu anayetumwa kupeleka posa na kurudisha jibu kati ya pande mbili ambazo, kwa haya au kwa adabu, bado haziwezi kukabiliana. Huchukua maneno magumu na kuyapeleka kwa upole, huifahamu njia, na hupimwa kwa jambo moja tu, yaani kama wale aliowatumikia wamekutana. Ndoa ikishafungwa, kazi yake imekwisha, na mshenga anayejitafutia nafasi katikati yao amekuwa mharibifu. Chatiboti inaweza kumfundisha kijana kulipa jina lile linalomsumbua, kumpa zoezi la kutuliza pumzi, kumweleza kwamba sonona ni ugonjwa unaotibika wala si laana, kumsaidia kuyapanga maneno atakayomwambia shangazi yake kesho, na kumwelekeza kwa watu, kama vile namba 116 ya huduma za simu kwa watoto inayotumika Kenya na Tanzania. Ikimfikisha hapo na kujiondoa, imetenda kazi njema. Lakini ikiundwa ili kijana arudi kwayo kila usiku na asiende kwingine, kwa kuwa muda anaokaa nayo ndio faida ya mwenye nayo, itakuwa mshenga aliyemchukua bibi harusi.

Mfano huo una mpaka wake, kwa kuwa mshenga ni mtu mwenye jina, ambaye akisema uongo ataulizwa, na mpaka huo ndio unaoonyesha mahali amana inapokwenda kukaa. Kwa kuwa mashine haiwezi kuibeba, nayo imekwisha kutolewa na kijana, haina budi kuwaangukia wanadamu walioiunda mashine hiyo, walioilipia na waliompa kijana. Wao ndio wanaoamua kama programu itasema "naelewa uchungu wako", ambalo ni dai lisilo la kweli, au itasema wazi kwamba yenyewe ni programu na kwamba yapo mambo yanayohitaji mtu. Wao ndio watakaoulizwa kama maneno ya hatari yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha mtaani yalimfikia binadamu kwa wakati, na kama yale ya siri yalilindwa kama zinavyotaka sheria za ulinzi wa taarifa za watu za Kenya, ya mwaka 2019, na Tanzania, ya mwaka 2022. Mwaka 2023 nchini Marekani, chatiboti iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye matatizo ya ulaji iliondolewa baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikiwapa ushauri wa kupunguza uzito, yaani ushauri uleule unaowaua. Na tarehe 30 Juni 2025 Woebot, ambayo watu wengi walikuwa wameizoea kama mwandani, ilifungwa kwa watumiaji wake. Matukio hayo mawili yanakumbusha kwamba nyuma ya kila sauti ya mashine kuna uamuzi wa watu, na kwamba anayemzoesha mwenye dhiki kuegemea kitu anawajibika kwa siku kitu hicho kitakapoondolewa.

Mwisho, lipo jambo ambalo watetezi wa chatiboti hulichukua kama limekwisha kuthibitishwa, nalo ni kwamba watu wa kusikiliza hawapo. Wataalamu ni wachache kweli, lakini watu si wachache. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare, kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watu wazima 573, ulithibitisha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nchini Kenya, Taasisi ya Shamiri imewafunza vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu kuendesha vikao vya makundi shuleni, na utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi ulionyesha kwamba vikao vinne vya kila wiki vilipunguza dalili hizo zaidi kuliko masomo ya mbinu za kusoma yaliyotolewa kwa kundi la kulinganisha. Bibi wa Mbare na kijana wa Shamiri hawakuwa na shahada za udaktari, lakini walikuwa na kile ambacho mlima uliogopa kukibeba.

Kwa hiyo swali la kama mashine inaweza kumpa kijana pole linawarudia watu wenyewe kwa namna isiyo nyepesi, kwa sababu kijana anayeichagua programu badala ya jirani mara nyingi anatoa ushahidi kuhusu jirani. Amekwisha kuona jinsi siri ya mwenzake ilivyogeuzwa hadithi ya barazani, amekwisha kusikia dhiki ikijibiwa kwa mahubiri kabla haijamalizwa kusimuliwa, na amehitimisha kwamba kisichoweza kuaibika angalau hakitamwaibisha. Chatiboti nzuri, iliyoundwa kwa ukweli na kwa kicho, inaweza kumchukua kijana huyo kutoka kwenye giza la kutosema lolote hadi kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu. Lakini atakapobisha hodi, jibu la "karibu" ni lazima litoke ndani, na wajibu wa kulitoa, kisha wa kutunza kitakachosemwa baada ya hapo, haujawahi kupewa kiumbe mwingine.